Mkwe Kwenye Meza ya Kuzunguka

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Ni Jumapili ile mume wangu alipoamua kumpeleka baba yake kula kwenye hoteli ya Kichina, Dar es Salaam.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mkwe wangu alikuwa ametoka kwetu Talatala, kule Kyela, kuja kutibiwa macho, akafikia nyumbani kwetu. Ninyi wa leo mtacheka, lakini kwa sisi Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hali naye sahani moja. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na bado tuliweza. Nikimsikia anakohoa sebuleni, napitia mlango wa uani. Chakula nampa mume wangu, yeye ndiye anayempelekea. Mzee akishiba husema akiwa kulekule, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, nami naitikia nikiwa jikoni. Tulipatana sana kwa namna hiyo, usidhani natania.

Asubuhi ile nilimwomba mume wangu aniache nyumbani. Akasema, "Acha ushamba. Baba hajawahi kula mahali pazuri maishani mwake. Leo tukae kama familia." Nia yake ilikuwa njema, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mtu mbaya ningemlaani nikapumzika.

Hoteli ilikuwa ghorofani, ya ubaridi, yenye zulia linalomeza viatu. Tukapewa meza ya duara, katikati yake kioo kinachozunguka na vyakula juu yake. Mzee akaketi, mimi nikawekwa mbele yake kabisa. Nikajifunika kitenge hadi puani. Yeye akaviinamia vijiti vya kulia, virefu utadhani vya kuchokolea meno ya tembo, wala hakuinua macho.

Akaletwa samaki mzima. Mume wangu akanipakulia mimi kwanza, kisha akakizungusha kioo mpaka sahani ileile ikasimama mbele ya baba yake. "Karibu, baba. Kula." Mkono wa mzee haukunyanyuka. Mume wangu akarudia kwa sauti, watu wa meza za jirani wakageuka, naye kwa kuficha aibu akacheka. "Baba, huku ni mjini, hamna mambo hayo. Mtazame tu mkweo, hang'ati."

Mzee akasimama. "Mwanangu, umenileta pazuri hivi uje kunivua nguo mbele ya mke wako?" Hakupaza sauti. Akateremka ngazi akipapasa ukuta.

Kesho yake akapanda basi la Kyela, na matibabu hayajaisha. Tulimsihi, hakusikia. Macho yale hayakupona tena, yakafa yote mawili.

Mume wangu alikwenda kuomba radhi, tena si mara moja. Mzee alimsamehe kwa mdomo, ila chakula kilichotoka mkononi mwa mwanawe hakukila tena. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mume wangu alimsogezea kijiko cha uji. Mzee akauliza, "Ni nani?" Alipotajiwa jina, akafumba mdomo. Tukamzika hivyo.

Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo wasemavyo. Mimi sikuiti mtumwa, mwanangu, nyakati zenu ni nyingine. Ila kabla hujampa mzee heshima, muulize yeye mwenyewe heshima yake iko wapi. Usimkatie ya kwako kama nguo, halafu ukamcheka haijamkaa. Na ukimwona mwenzio anapotea kwa nia njema, mzuie, hata kama utaitwa mshamba. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimejaribu kuyazoa miaka yote hii, na sina hata tone.

Mungu akulinde, mwanangu. Akujalie wazazi wako wapokee chakula mkononi mwako, mpaka tonge la mwisho.