Maua Hayakungoja Kamati

Hadi leo nikiona watu watano wamekaa mezani katika hoteli ya pale mjini Nkubu, chai mbele yao na mmoja ameshika kalamu, damu inanichemka. Najua hawajanikosea. Lakini mimi nilikaa kwenye meza kama hiyo karibu mwaka mzima, na nilichopoteza hakirudi.

Nilitaka kutengeneza filamu. Fupi tu, ya dakika kumi: mwanamke anarudi kijijini Kanyakine kumzika mama yake, anakuta mibuni ya mama imechanua, shamba zima jeupe, na nyumbani hakuna tena mtu wa kuchuma kahawa. Basi. Mwigizaji ningekuwa mimi, shamba lilikuwa la baba, na simu yangu ilipiga video safi kuliko kamera nyingi nilizoziona harusini. Pesa za maana sikuwa nazo, nafundisha shule ya kutwa. Lakini kila kitu kilichohitajika kilikuwepo. Ningeweza kuanza kesho yake.

Badala yake niliunda kamati. Sijui huu ni ugonjwa gani tulio nao. Kwetu huwezi kuoa, kuzika wala kujenga choo cha kanisa bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nami nikaona filamu nayo haiwezi. Mwenyekiti akawa mjomba wangu, mwalimu mkuu mstaafu. Wenzangu watatu wa shuleni wakajaza viti vilivyobaki. Tulianza kwa maombi, tukamaliza kwa maombi, na katikati tukaahirisha. Mkutano mmoja mzima, kutoka chakula cha mchana hadi jioni, tulijadili nani awe mgeni rasmi siku ya uzinduzi. Uzinduzi wa nini? Hatukuwa tumepiga hata sekunde moja! Nami nilikuwepo, nikachangia, tena kwa bidii. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nilikuwa naona raha. Kuizungumzia filamu kulikuwa kutamu, na mezani pale hakuna aliyeweza kugundua kwamba naogopa kuitengeneza.

Baba naye alikuwa amechoka na kahawa. Alitaka kung'oa mibuni yote apande parachichi kama majirani. Nilimwomba anisubirie msimu mmoja tu wa maua.

"Sawa, mwalimu," alisema. Huniita hivyo akinitania. "Yachanue, upige hiyo picha yako. Yakianguka, nang'oa. Usiniletee maneno tena."

Aliyekulia kwenye kahawa anajua mambo yanavyokwenda. Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, unahesabu siku nane, tisa hivi, maua yanafunguka yote kwa pamoja, na siku ya tatu yameanza kunyauka. Mvua ilinyesha. Tulikuwa na siku nane nzima za kujiandaa. Kamati ilizitumia kuchagua rangi ya fulana.

Jumatano asubuhi nilisikia harufu kabla sijafungua dirisha. Nilitoka nimejifunga leso tu na sweta. Shamba lote lilikuwa jeupe mpaka kule chini mtoni, nyuki wakivuma, na jua lilikuwa linaingia kati ya mistari ya mibuni vile vile nilivyokuwa nimeandika kwenye karatasi. Nilitoa simu. Nikapiga picha moja, nikaituma kwenye grupu la kamati. "Yamechanua. Nianze?"

"Hapana, ngoja," mjomba alijibu. "Kamera ya kukodi inatoka Embu Jumamosi. Tufanye kitu serious, watu wasituchekelee na simu."

Wengine wakaweka vidole gumba. Nami, mtu mzima, simu mkononi na maua mbele ya macho, nikairudisha mfukoni nikaenda kazini.

Jumamosi kamera ilifika saa sita mchana, pamoja na mwenye kuikodisha, pamoja na fulana za kijani zenye jina la filamu mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Matawini palibaki vitu vya kahawia vilivyojikunja, vinavyonata vidoleni. Mjomba alizunguka shamba mikono nyuma, akasema hakuna kilichoharibika, tutapanga mwaka ujao. Nilimwambia mwaka ujao hakutakuwa na kahawa.

"Basi tutatafuta shamba lingine," alisema. "Tuunde kamati ndogo ya kulitafuta."

Nilimjibu mjomba wangu kwa namna ambayo sijawahi kumjibu mtu wa umri wake, na msamaha sijaomba. Jioni hiyo nilitoka kwenye grupu.

Jumatatu sikwenda kazini. Baba alikuwa ameanza kung'oa. Sikuwa na la kumlaumu. Alinipa ahadi na akaitimiza. Nilisimama ukingoni mwa shamba, nikatoa simu, nikaanza kurekodi. Bila fulana, bila mwenyekiti, bila ruhusa ya mtu. Nilirekodi sululu, mizizi, mgongo wa baba. Mbuni wa tano ulipolala chini, alijinyoosha akanitazama.

"Hiyo simu," aliuliza, "si ni ile ulikuwa nayo Jumatano?"

Filamu yangu inaanza na swali hilo. Jibu halimo. Picha inatikisika kidogo, kisha baba anainama tena kwenye mbuni wa sita.