Miaka Minne Niliyoandikwa Seremala

Vijana wakisikia kwamba niliishi kwa mpira, wanataka niwahadithie mabao. Sikufunga mabao. Nilikuwa beki wa kushoto, na mara nyingi timu ilinichukua kwa sababu yule iliyemtaka alikuwa amekataa. Sisemi hivyo kwa kujishusha, ndivyo ilivyokuwa.

Wakati ule wa Wabelgiji hakuna aliyelipwa kwa jina la mpira. Kampuni ilikuandika kazi fulani, ikakupa nyumba kambini, na kazi yenyewe hukuigusa. Bandarini Kalundu, hapo Uvira, niliandikwa mchukuzi wa mizigo. Usumbura, ng'ambo ya ziwa, niliandikwa mlinzi wa gereji, na hadi leo sijui lango lake lilikuwa la rangi gani. Niliporudi Uvira, kiwanda kimoja cha pamba kikaniandika seremala. Kila asubuhi nilipita kwenye karakana ya mbao, nikasalimia, nikaenda uwanjani kukimbia. Mkurugenzi wa siku hizo alipenda mpira kuliko pamba. Hivyo ndivyo nilivyokula miaka minne.

Seremala wa kweli alikuwa mmoja tu, Mrundi wa bonde la Ruzizi, mtu wa makamo, mkavu wa maneno. Mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu, basi.

Goti langu lilikwisha Jumapili moja tulipocheza na timu ya Usumbura. Hakuna aliyenipiga. Winga alinipita, nikageuka kumfuata, goti likabaki lilikokuwa. Muganga wa kampuni alilifunga bendeji akasema nisahau mpira. Kwa bahati mbaya yule mkurugenzi alikuwa amekwisha kurudi Ulaya, na aliyekuja nyuma yake hakujua mpira. Alijua kusoma karatasi. Akaniita ofisini.

"Karatasi inasema weye iko seremala," aliniambia. "Ghala ya mbegu haina mlango. Tengeneza. Ikifunga, unabaki na nyumba. Haifungi, mwisho ya mwezi unatoka."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na bati juu, upande wa Kilibula. Mke wangu alikuwa amejifungua mapacha humo miezi miwili kabla, na kwao hapakuwa na pa kutuweka. Niliogopa. Sikumwambia mke wangu kitu. Nilimwambia tu kwamba sasa nitakuwa narudi na vumbi la mbao.

Nilimwendea seremala nikamwomba anisaidie. Alinionyesha mahali mbao zilipopangwa, akarudi kwenye kazi yake. Niliudhika kweli. Nilijiona mtu maarufu aliyeanguka, na huyu anafurahi kuniona chini. Kwa siku tano nilikata na kugongomea peke yangu. Ubao mmoja niliukata mfupi, nikauunga kipande.

Siku ya kujaribu, mlango ulikwenda hadi katikati ukakwama kwenye sakafu. Mkurugenzi aliusukuma kwa kiatu. Haukusogea. Akamwita seremala.

"Huyu iko seremala?"

Yule mtu alipitisha kiganja kwenye ukingo wa mlango wangu, taratibu, akafika kwenye kile kipande nilichounga, akakipita.

"Iko seremala, bwana. Mbao ndiyo ilikuwa mbichi."

Akaung'oa mlango kwenye bawaba, akauparaza chini kwa randa, akaurudisha. Ukafunga. Mkurugenzi aliandika kitu kwenye daftari lake akaenda zake.

Nilimshika seremala mkono kwa mikono yote miwili. Akauchomoa.

"Minye sikukusaidia weye," alisema. "Miaka mine, karatasi ya kazi yako nani alikuwa anaijaza? Viti, meza, milango, vyote viko kwa jina yako. Ningesema hauko seremala, wangeniuliza nani alivifanya."

Nilikuwa sijui. Yaani, nilikuwa sijajiuliza. Niliona kazi ninayoandikiwa kama kitu cha ofisini, maneno tu, yasiyokuwa na jasho la mtu. Kumbe mkurugenzi wa zamani alimwamuru atoe kazi ya watu wawili, naye akaitoa, na kila asubuhi akaitikia salamu yangu. Niliona haya, na haya hiyo haijaniisha.

Kuanzia siku iliyofuata nilikaa chini yake, nikajifunza kushika randa nikiwa na miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wawili. Alinifundisha vizuri, bila ukali na bila urafiki. Yapata wiki tatu baadaye, tukiwa tunalainisha ubao wa meza, mimi nikiushika upande mmoja, aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Mpira yako minye sikuiona hata siku moja. Jumapili nikitoka misa, nilikuwa nakuja hapa kumaliza vitu vyako. Lakini watu wa Kasenga wanasema timu yetu ilikuwa na mchezaji mumoja wa maana sana. Ilikuwa weye?"

Mchezaji huyo alikuwa wetu wa mbele, na kila mtu Uvira alimjua. Ningeweza kudanganya, na nadhani angefurahi kwamba jasho lake lilimlisha mtu wa maana.

"Hapana, Mzee," nilisema. "Mimi nilikuwa wa kawaida."

Randa yake ilisimama kidogo. Kisha akaniambia nishike ubao vizuri, unateleza.