Daktari Aliyeuliza Kilo

Hakuna aliyekutana na yule daktari wa watoto asiulizwe ana kilo ngapi. Alimuuliza fundi bomba, alimuuliza bwana harusi mbele ya wakwe zake. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito, na tangu chuoni swali hilo lilikuwa limemkaa mdomoni. Mama Kibonge, mke wa kaka yake, alishazoea. Kila akiulizwa hujipunguzia kidogo.

Asubuhi moja daktari alitoka zamu aliyoingia jana yake alfajiri, maana mwenzake wa kumpokea hakutokea. Aliingia kwa Mama Kibonge akicheka peke yake. Aliliambia friji pole, akalishika paji la uso, akasema homa imeshuka sana. Mama Kibonge alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akakumbuka kwamba Kibonge mwenyewe alikuwa amechemka tangu usiku.

"Wifi, hebu mwangalie mwanao."

Daktari alimtazama masikio na koo, akamsikiliza kifua. Mafua tu. Akachukua chupa ya dawa ya homa, akauliza kilo.

"Kumi na mbili."

Akamimina kwenye kikombe cha kipimo, akafunga chupa, akapiga mwayo mrefu, akauliza tena kilo. Kumi na mbili, wifi. Akafungua, akamimina juu ya ile ile. Mara ya tatu mawifi wote wawili walikuwa hoi kwa kicheko, na dawa ikafurika hadi vidoleni.

Mama Kibonge ndiye aliyenyamaza kwanza. Alikichukua kikombe, akakimwaga kwenye sinki.

"Na huko wodini, nani anakunyang'anya kikombe?"

"Nesi."

"Na yeye alipata usingizi jana?"

Daktari alifikiri, kicheko kikamrudia. "Tunaegemeana tu. Akisogea mmoja, mwingine chini."

Simu ikalia. Mwenzake bado hajaonekana, wodi imejaa, arudi. Daktari akaanza kutafuta viatu vyake chini ya makochi, navyo alikuwa amevivaa. Mama Kibonge aliwaona akilini akina mama wa wodini, wamepakata watoto wao, hakuna hata mmoja wa kuthubutu kumwambia daktari aache. Akaichukua simu kabla haijakatwa. Alisema huyu hawezi kupima hata dawa ya homa, wamtafute mtu aliyelala kitandani kwake jana.

Mtu wa upande wa pili akataka kujua anaongea na nani.

"Wifi yake," alijibu, kama anayetaja cheo.

Akaambiwa basi, mkuu wa idara ataingia wodini mwenyewe.

Daktari alinuna. Atawaangaliaje wakubwa zake? Lakini kununa nako kunataka nguvu. Mama Kibonge alisoma maandishi ya chupa mara mbili, akampa mtoto dawa yake, na alipogeuka wifi alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu ikining'inia. Akamvua viatu, akamfunika khanga.

Jicho moja likafunguka.

"Nikiamka nitakugombeza, wifi. Nikisahau, nikumbushe."