Hilo Linakutosha, Mama

Sifa ni zake Mungu, aliyetupa umri wa kustaafu kisha akatuonyesha kwamba bado ana kazi nasi. Hachoki na wazee, wala haoni haya kutuma watu wanaopanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Kwake natoa shukrani kabla sijaandika neno jingine.

Mke wangu nami tulitoka Iringa kuja Bujumbura baada ya mimi kumaliza utumishi wangu katika chuo cha Biblia. Kanisa la huku lilihitaji mtu wa kufundisha madarasa ya ubatizo. Watoto wetu walipouliza kwa nini wasitumwe vijana, mama yao aliwajibu, "Vijana wana watoto wa kulea. Wa kwetu wameshakua, sasa kazi yao ni kutuuliza maswali." Akafunga sanduku, akalijaza masweta. Kwa muda mrefu masweta hayo hayakutoka humo, maana joto la hapa halifanani hata kidogo na asubuhi za Iringa.

Tulipewa nyumba ndogo Kibenga, karibu na ziwa. Maisha yetu hayana makuu. Asubuhi tunasoma Neno na kuomba, kisha yeye ananipa dawa yangu ya presha nami nampa yake, kwa kuwa kila mmoja wetu husahau ya kwake lakini hasahau ya mwenzake. Umeme ukiwepo tunapiga pasi, usipokuwepo tunavaa nguo zilivyo. Kanisa tunalolitumikia liko Carama, upande wa pili kabisa wa mji. Mafuta ya magari yakiadimika, basi huwa la kusubiriwa kwa imani, na mke wangu hukaa kituoni akipinda kanzu nyeupe za ubatizo, sindano mkononi, kama aliye sebuleni kwake. Kila anayebatizwa hushonewa au kupunguziwa kanzu yake. Hiyo ndiyo huduma aliyoichagua mwenyewe.

Kitu kimoja tulikuja nacho tukijivuna kidogo: tulisema hatutahitaji mkalimani. Kiswahili ni chetu, na Bujumbura wanakizungumza. Kweli wanakizungumza, ila chao wamekilea wenyewe, kikakaa na Kirundi, kikakaa na Kifaransa, kikapokea wageni kutoka Kongo. Chetu walikiita Kiswahili cha redio.

Jumapili yetu ya kwanza tulialikwa chakula nyumbani kwa shemasi. Mkewe alitupakulia wali na maharage, akaendelea kupakua mpaka sahani yangu ikawa kilima. Nikasema kwa adabu, "Tosha, mama, tosha." Akasimama kidogo, akachukua kijiko, akaanza kurudisha wali sufuriani. Nikasema tena, "Tosha!" Akaongeza kasi. Nilibaki na wali wa mtoto mchanga. Mke wangu aliyaona hayo, naye zamu yake ilipofika hakusema neno, akala kilima chake chote. Tukiwa njiani kurudi tulikubaliana kwamba hiyo ni desturi ya hapa, kwamba mgeni akitosheka hupunguziwa. Tukaiheshimu.

Katika darasa langu alikuwamo mjane mmoja kutoka Gatumba, mtu mzima, pengine wa rika la mke wangu. Maji yalipoifunika Gatumba yalimchukulia nyumba, akahamia Carama kwa mdogo wake. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na hakuuliza swali hata siku moja. Lakini hakukosa. Mvua ikinyesha alifika ameshikilia viatu mkononi. Mdogo wake aliniambia kwamba dada yake hataki tena kitu chochote duniani ila huo ubatizo, na hapohapo anaogopa maji kiasi kwamba anaoga kwa kopo.

Ilipofika siku ya kuwauliza wanafunzi, tulikaa mbele, mimi na shemasi, na kila mmoja akaja kueleza kwa nini anataka kubatizwa. Wengi walieleza kwa urefu. Mjane alisimama, akaishika kanga yake kwa mikono miwili, akasema, "Yesu alinitosha mu maji."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yake yote.

Naandika hili nikikumbuka jinsi moyo wangu ulivyosimama. Nimefundisha wachungaji kwa miaka mingi, na sikuwa nimepata kusikia ungamo lililokamilika namna hiyo. Mtu amepoteza nyumba, amezungukwa na mafuriko, na anasema kwamba pale majini, bila kitu kingine chochote, Yesu alimtosha! Nikaona kumuuliza maswali mengine ni kumchosha bure.

Nikamwambia, "Hilo linakutosha, mama."

Alinitazama. Shemasi naye alinigeukia. "Inamutosha, pasteri? Kabisa?"

"Kabisa," nikasema, nikitabasamu.

Mjane akainama, akasema, "Asante, pasteri," akatoka nje. Nilidhani anakwenda kulia kwa furaha.

Jumapili nilihubiri juu ya maneno yake bila kumtaja. Nilisema, "Yesu anatosha majini!" na kanisa likaitika amina kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa Carama. Mke wangu alinigusa mkono baadaye, akasema nimehubiri vizuri, lakini yule mama hakuwepo. Hakuja darasani wiki ile, wala iliyofuata. Kanzu yake mke wangu alikuwa amekwisha kuipunguza mikono, ikabaki imetundikwa msumarini nyumbani kwetu, na wenzake wote wamechukua zao. Nilimuuliza shemasi. Akatazama chini, akasema, "Atakuja mwaka kesho, pasteri. Mungu akipenda." Nikadhani anaumwa, nikamwombea.

Siku moja kabla ya ubatizo, mchuuzi wa samaki alipita langoni kwetu na beseni lake la mikeke, samaki wa ziwa hili. Mke wangu akachagua, nami nilikuwa barazani nikisikia.

"Mama, nikutoshee matumbo?"

"Matumbo ya nini? Mimi nimechukua samaki, na wananitosha."

Mchuuzi akacheka mpaka akaweka beseni chini. "Eh! Mama wa Tanzania! Samaki watakutosha wapi? Mi nakuuliza nitoshe matumbo, nitoshe na magamba, we upike tu. Ao kwenu munakulaka na matumbo?" Akachukua kisu, akapasua mmoja, akavuta matumbo yote kwa kidole. "Ona. Nimetosha."

Mke wangu aliyatazama yale matumbo. "Kutosha ni kutoa?"

"Kitu kiko ndani, unakitosha inje. Sasa kutosha ingine ni gani?"

"Na chakula kikiwa si kidogo, kila mtu amepata, mnasemaje?"

"Kinaenea, mama. Tunasema kinaenea."

Aliwaacha samaki langoni, akaja barazani mikono ikiwa na maji.

"Baba, yule mama wa Gatumba ulimwambia nini siku ile? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Nilipokuwa nalitamka nilikuwa nimekwisha kulisikia kwa masikio ya Carama.

"Basi umemtoa," akasema. "Na shemasi alipokuuliza kama ni kabisa, ukasema kabisa. Na mimi nilikula wali wote ule bure."

Tukatoka hapohapo kwenda Carama, lakini mabasi hayakuwepo. Mfanyabiashara wa duka la kona, Mwislamu mwenye asili ya Omani ambaye babu zake walifika mji huu zamani, alikuwa anapeleka sukari Kinama, jirani na Carama, kwa pikapu yake, akatupa nafasi mbele. Tulipomweleza alipiga usukani kwa kiganja. "Usihuzunike, mchungaji. Shehe mmoja alitujia kutoka pwani mwezi wa Ramadhani. Tumeweka futari, yeye akaitazama, akasema, 'Mashallah, inatosha!' Vijana wakaondoa sahani zote. Mtu amefunga kutwa!"

Mke wangu alicheka mpaka Kinama. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu sahani ya mjane ilikuwa bado haijarudishwa.

Tulimkuta uani kwa mdogo wake, anachambua maharage. Aliinuka upesi, akatuwekea viti, akataka kutafuta soda. Nikamwomba akae. Nikamwuliza, siku ile alielewa nini.

"Pasteri, ulinitosha," akasema, bila uchungu wowote. "Mi sikukasirika. Nilisema Yesu alinitosha mu maji, na we ukasema ile inanitosha. Nikawaza, ni kweli. Mutu Yesu alimutosha mu maji, namna gani atamurudisha mule? Nikasema, pasteri ameona mbali."

"Apana, mama," nikasema, na hilo 'apana' lilimfanya anitazame vizuri. "Kwetu kutosha ni kuenea. Nilisema jibu lako linaenea. Nilisema limekamilika."

Aliuweka ungo chini. Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama pasteri, sasa ule wali wa kwa shemasi, ule watu wanasimuliaka…?"

"Usiniulize," mke wangu akamjibu. "Ningesema tosha, ningelala njaa."

Hapo ndipo alipocheka, akajifuta macho kwa kanga, akacheka tena. Mke wangu akatoa kanzu kwenye mfuko. Mjane akaipokea, akaiweka kifuani akiipima, akasema mikono imekaa sawa. Lakini alipokuwa anaikunja aliuliza maji ya ziwani yatamfika wapi. Kosa la neno lilikuwa limeondoka. Maji yalikuwa palepale.

Kesho yake tulibatiza katika ziwa, Kibenga. Shemasi alisimama juu ya jiwe akiangalia kama kuna kiboko, kazi anayoipenda. Wengine waliingia na kutoka wakiimba. Mjane alikuja mwisho. Maji yalipofika magotini alisimama. Yalipofika kiunoni alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua mama wa umri huo anazo. Uso wake ulikuwa umerudi Gatumba.

"Pasteri," akasema polepole, "utanitosha?"

Nimejifunza Kigiriki na Kiebrania. Sijawahi kuulizwa swali lililonihitaji nijue lugha kuliko hilo.

"Nitakutosha, mama," nikasema. "Kabisa."

Akafumba macho. Nikamzamisha kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, nikamtosha, akatoka anapumua, maji yakimtiririka usoni. Pale ufukweni mke wangu alimfunika kwa sweta la Iringa, sweta la kwanza kupata kazi katika mji huu.

Wewe unayesoma, Mungu na akutoshe kama wanavyosema Carama, kila maji yatakapokufika kiunoni. Na akiisha kukuweka pakavu, na akutoshe kama tunavyosema kwetu, usihitaji kingine. Amina.