Telegramu ya Daraja la Pili

Mwinyimadi alikuwa mpiga telegramu katika kituo kimoja kidogo cha posta huko Kisarawe, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwacha mtu aruke zamu. Mezani kwake palikuwa na trei tatu: ya Chama na Serikali, ya haraka, na ya kawaida. Laini ilikuwa ikifunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa saba mchana. Sheria ilikuwa nyepesi, hata mbuzi angeielewa: trei ya pili haiguswi mpaka ya kwanza iwe tupu.

Siku moja ya mwaka 1975 mama yake alifariki alfajiri, Kibuta. Mazishi yakapangwa baada ya alasiri, maiti hasubirishwi. Wa kumpokea kaburini ni mwanawe mkubwa, Shomari, kaka wa Mwinyimadi, naye alikuwa Mlandizi, ambako basi la mwisho la kumwahisha lilikuwa la saa sita. Mwinyimadi akaenda kazini, akaandika: MAMA AMEFARIKI NJOO LEO. Akaiweka trei ya pili.

Ya kwanza ilikuwa na telegramu kumi na moja. Vijiji vilikuwa vinaupongeza mkoa kwa kuvipongeza vijiji kwa kulima mihogo. Mihogo yenyewe haijaota.

Muuza stempu wa hapo, Bi Tatu, akashindwa kuvumilia. “Kaka Mwinyimadi, ya msiba si itangulie? Pongezi haziozi.”

“Msiba ni daraja la pili.”

“Aliyefariki ni mama yako!”

“Na wengine walikuwa na mama zao. Walikaa benchi hilo hilo, nikawaambia wasubiri.”

Saa nne na nusu zilibaki mbili. Akaingia Twalibu, katibu wa tawi, na karatasi nyingine kumi, anahema kama aliyekimbizwa na nyuki.

“Shikamoo mzee. Kuna wakubwa tuliwasahau.”

“Marahaba. Weka hapo.”

Saa saba kasoro dakika tano ndipo trei ikawa tupu. Akaipiga ya kwake. Mpokeaji wa Dar akauliza: hii ya NJOO LEO, bado ina kazi?

Akamjibu: pokea, ni zamu yake.

Akaenda Kibuta, akaingia kaburini mahali pa kaka yake. Hakulia. Watu wakasema ana subira.

Shomari alifika kesho yake alfajiri.

“Shikamoo kaka.”

“Jana nilishinda nyumbani nacheza bao. Uliituma saa ngapi?”

“Ilipofika zamu yake.”

“Nani aliingia?”

“Mimi.”

Shomari akaketi kando ya udongo mbichi wa kaburi, akampa mgongo. “Nenda kazini,” akasema.

Mwinyimadi akaenda.