Mihuri Sita ya Magreti

Saa moja kasoro robo asubuhi, Kimamba, wilayani Kilosa. Mitambo ya korona, inayokamua majani ya mkonge kutoa nyuzi, imeshaanza kunguruma, na harufu ya mkonge uliosagwa imeingia puani, kooni, mpaka ndani ya chai. Katika banda la marobota, Sikuzani Mathayo amesimama mbele ya robota la katani la kilo mia mbili na hamsini. Ni jeupe, limefungwa vizuri, linapendeza macho. Analitazama kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi.

"Fungua," anasema.

"Mama, hili safi. Nimelishindilia mwenyewe," anajitetea Onesphory, mwanamume wa makamo anayefanya kazi kwenye mashine ya kushindilia.

"Ndiyo maana nikasema fungua."

Waya zinakatwa. Sikuzani anazamisha mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, anapapasa, kisha anachomoa fungu la nyuzi fupi, chafu, zenye unyevu bado. Banda zima linaangua kicheko. Onesphory anaangalia juu, kama vile nyuzi zile zimeshuka kutoka darini.

Hiyo ndiyo kazi ya Sikuzani, mwenye umri wa miaka arobaini na sita: kukagua marobota kabla hayajapelekwa stesheni. Katani mbichi ikifungiwa katikati ya kavu huota ukungu na kuozesha robota zima, na kwa nje hujui kitu. Mtu anayekimbilia kutimiza kazi yake ya siku huificha huko ndani akijua jicho halifiki. Kwa miaka kumi na tisa Sikuzani amekuta humo makumbi, matambara, na siku moja jiwe zima la mafiga.

"Watu si wabaya," anasema. "Ila mtu akishaniambia 'hili safi' kabla sijauliza, basi hapo nimeshajua."

Hata mwandishi wa makala haya hakupona. Kila alipoandika mstari, Sikuzani alimsimamisha. "Umeandika nini hapo? Nisomee." Akasomewa. "Haya, endelea."

Mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega. Februari mwaka huu wa 1984, katika hospitali moja mkoani, alikatwa ziwa la kushoto lililokuwa na saratani. Kidonda kilipona vizuri na mwezi wa nne akarudi kazini. Wenzake walimpokea kwa vigelegele, naye akadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alipokwenda kuangaliwa kovu mwezi huohuo, daktari aliyempasua, Dakta Vitalis, alimwandikia barua ya kwenda Dar es Salaam kupata tiba ya mionzi: mara ishirini na tano, siku tano kwa wiki, wiki tano. Aanze kabla ya Juni kwisha, maana kuchelewa zaidi ya hapo kungepunguza faida.

"Mionzi ndiyo nini?" Sikuzani akauliza.

"Ni kama mwanga, mama, ila hauonekani. Unaua mabaki ya ugonjwa."

"Mabaki? Si ulisema umetoa yote?"

"Nimetoa yote niliyoyaona."

Mtume! Angejua daktari yule anazungumza na nani, angechagua maneno mengine. Sikuzani alirudi nyumbani na ile barua ameifunga kwenye pindo la khanga, na lile neno 'niliyoyaona' likimkereketa kooni.

"Nikawaza hivi," anasimulia. "Kama ametoa yote, hicho anachotaka kuchoma ni nini? Na kama hakutoa yote, kwa nini kwanza aliniambia nimepona? Huku uongo, kule uongo. Sasa nimwamini katika lipi?"

Na dunia yenyewe haikuwa ikimsaidia mtu kuamini. Mwaka jana tu nchi nzima ilikuwa ikisaka walanguzi; sabuni na sukari zilifukuliwa chini ya vitanda vya watu uliokuwa ukisali nao. Jirani akikuona na kapu, anachungulia kwanza ndiyo akusalimie. Halafu kule Dar es Salaam kuna operesheni ya Nguvukazi: ukikutwa mtaani huna kitambulisho cha kazi, unapakiwa kwenye lori kurudishwa kijijini. Wiki tano mjini, mwanamke mgeni, bila shughuli ya kuonyesha! Sikuzani aliona mtego kila upande.

Nyumbani, wifi yake Regina akaikoleza hofu hiyo. Regina ni mwanamke mwenye huruma, ila mdomo wake haujui kufunga mlango.

"Usiende, wifi yangu. Humjui Magreti wa Mikumi, mke wa yule fundi pancha? Alikwenda hukohuko kwenye hiyo mashine. Aliondoka akitembea, akarudi amebebwa, kifua cheusi kama sufuria. Hakumaliza mwezi."

"Ulimwona?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu wana majina, Regina."

Regina akanuna. Lakini habari ilikuwa imeshaingia, na hofu haihitaji shahidi. Sikuzani anakiri kwamba kwa wiki mbili alikuwa akipika huku anajishika kifua, akimwona huyo Magreti asiyemjua. Mumewe Yohana, fundi baiskeli, alimwambia afanye atakavyo. Hilo nalo lilimtia shaka. "Mume anayekwambia fanya utakavyo, ama anakuheshimu sana ama amekuchoka. Nikawa nachunguza ni lipi," anasema, na Yohana aliyeketi pembeni anacheka kwa aibu.

Barua ikakaa. Mei ikaisha. Wanawake wawili wa bandani walimshauri aende, watatu wakamkataza, na wote watano hawakuwa wamewahi kuiona hiyo mashine. Mwisho akachoka kusikia.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, Sikuzani akafanya lile analolifanya kila siku kazini. Akaenda kufungua robota.

Mafuta ya dizeli yalikuwa shida na basi halikuonekana, kwa hiyo alidandia lori la mahindi kutoka Kilosa mpaka Mikumi, ameketi juu ya magunia, mkono mbaya ameufunga kwa khanga. Alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Kando ya barabara kuu, malori ya Iringa yalikuwa yamejipanga, na matingo, wale wasaidizi wa madereva, wakigombania wali. Hakuhangaika kumpata fundi pancha. Alikuwa chini ya mti wa mkrismasi, mzee wa miaka sitini hivi, akiwa amepiga magoti juu ya tairi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Una baiskeli?"

"Sina. Nimekuja kukupa pole ya mama Magreti. Nimechelewa, lakini pole haiozi."

Mzee huyo, jina lake Lupakisyo, aliacha nyundo. Alipomwona jinsi alivyoshika mkono, na vazi lilivyolala upande mmoja, alielewa kabla hajaelezwa. Akamvutia kigoda.

"Usiende huko," alisema mwenyewe, bila kuulizwa. "Ile mashine ndiyo iliyoniulia mke wangu."

Maneno yaleyale ya Regina, tena kutoka kwa mwenye msiba. Sikuzani anasema moyo wake ulitulia kabisa, utulivu wa mtu aliyeambiwa anachotaka. Angeweza kuaga pale pale. Lakini mazoea yana tabu. Mtu alikuwa amemwambia 'hili safi' kabla hajauliza.

"Baba, nisamehe. Alirudi akiwa na weusi kifuani?"

"Watu wanasema hivyo."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha."

"Aliporudi hakuwa na kitu. Uchovu tu. Weusi ulikuja na uvimbe, baadaye."

"Baadaye lini?"

"Kama mwaka hivi."

Mwaka, na wala si mwezi. Sikuzani akaomba aonyeshwe kadi ya hospitali, kama ipo. Lupakisyo aliingia ndani akakaa muda mrefu, akatoka na Biblia ya Kinyakyusa. Kadi ilikuwa katikati yake, imekunjwa mara mbili, safi.

Sikuzani hakusoma zaidi ya darasa la nne, ila kadi za kazi anazijua. Kwenye mkonge kila mtu ana kadi, na kila siku uliyofanya kazi hupigwa alama. Juu ya kadi ya Magreti iliandikwa 25. Chini yake kulikuwa na visanduku, na kila kisanduku kilichotumika kilipigwa muhuri wa zambarau. Akavihesabu kwa kidole. Akavihesabu tena kuanzia mwisho.

"Baba, hapa mihuri ni sita."

Mzee Lupakisyo aliketi chini, juu ya tairi lenyewe.

"Nilimfuata," alisema. "Ndugu zangu waliniambia huko wanachoma watu kama nyama. Nikapanda basi, nikafika siku ya saba asubuhi, nikamkuta amejiandaa kwenda kwenye foleni. Nikamwambia funga mizigo. Akanibembeleza. 'Niache nimalize, baba Anyelwisye. Zimebaki kumi na tisa tu.' Mimi ni mwanamume, nikamshika mkono. Alilia ndani ya basi mpaka Chalinze. Halafu akanyamaza, na hakunilaumu hata siku moja mpaka nimemzika."

"Na watu walipokuuliza?"

"Nilisema mashine. Ningesema nini, mwanangu? Ningesema mimi?"

Sikuzani alimwuliza lile lililomtoa Kimamba. "Angemaliza, angepona?"

"Sijui," mzee akajibu. "Hilo ndilo ninaloishi nalo. Sijui."

Dereva mmoja alikuja akilalamikia gurudumu lake, akaona nyuso zao, akarudi nyuma taratibu. Sikuzani anasema alitaka kumkasirikia mzee yule na akashindwa, maana alijiona yeye mwenyewe ndani yake, na wifi yake, na wanawake watano wa bandani. Wote walikuwa wanampenda, na wote walikuwa tayari kumshika mkono wamtoe kwenye foleni.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akarudi kwa Dakta Vitalis. Hakukaa kwenye kiti.

"Nikichomwa nitapona?"

Daktari alimtazama, safari hii bila haraka. "Siwezi kukuahidi, mama. Kuna wanaochomwa na ugonjwa ukarudi. Kuna wasiochomwa na usirudi. Ila kwa ugonjwa uliofika pale ulipofika wako, anayechomwa ana nafasi kubwa zaidi. Ngozi itababuka, utachoka, na huo mkono utakusumbua. Yaliyojificha mimi siyaoni. Hakuna daktari anayeyaona."

"Sasa kwa nini siku ile hukusema hivyo?"

"Nilidhani utaogopa."

"Nimeogopa miezi miwili kwa sababu hukusema," Sikuzani akamjibu, na anasema daktari aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Tangu siku hiyo anamwamini. Si sana, anaongeza haraka. Kiasi.

Meneja wa shamba amempa barua yenye muhuri kwamba yeye ni mfanyakazi aliye kwenye matibabu, ili watu wa Nguvukazi wasimbughudhi. Ameikagua mara tatu. Mara ya kwanza jina la baba yake lilikosewa, akairudisha. Atafikia kwa binamu yake Temeke. Mshahara wake, shilingi mia nane na kidogo kwa mwezi, utaendelea kwa mwezi wa kwanza. Wa pili bado unajadiliwa, na Sikuzani anasema anajua maana ya neno 'unajadiliwa'.

Bado ana shaka. Hajui kama mashine itakuwa nzima siku zote ishirini na tano, maana umeme wenyewe huu. Anasikia mtu huachwa peke yake chumbani mlango ukifungwa, na jambo hilo halipendi hata kidogo: "Kama haina madhara, mbona wao wanakimbia?" Ameliandika swali hilo kwenye karatasi, pamoja na mengine manane, na amesema hatapanda kwenye kitanda chao mpaka yajibiwe yote.

Anatarajia kurudi bandani mwezi wa nane. Onesphory anamwombea safari njema kwa moyo mmoja, na wenzake wanamtania kwamba wiki hizo tano marobota ya Kimamba yatakuwa mazito kuliko ya dunia nzima.

Treni ni Jumapili. Jioni hii, uani kwake, kapu limeshafungwa: khanga mbili, unga, sabuni kipande kimoja cha thamani. Yohana anaifunga kamba yake kwa mara ya nne. Sikuzani anamwita aketi, na anamtaka mwandishi abaki awe shahidi.

"Nikifika huko nitaogopa," anamwambia mumewe. "Mimi najijua. Nitakuandikia barua niseme njoo unichukue. Usije."

"Hata ukisema unaumwa sana?"

"Usije."

"Hata ukisema unakufa, mama Tatu?"

"Hata nikisema nakufa. Njoo siku ya ishirini na sita."

Yohana anaiachia kamba. Macho yamemjaa machozi, na hayafuti.

"Sitakuja," anasema.

Sikuzani anamtazama usoni, anamchunguza kwa muda mrefu, kisha anaridhika. Anamgeukia mwandishi.

"Umeandika alivyosema? Nisomee."