Majani ya Ng'ombe Gerejini

Shule niliishia darasa la nne, lakini miaka ile ya mitumba, ukiuliza pale soko la Kiboriloni nani anafungua marobota ya maana, ulielekezwa kwangu. Nyumba ya Rau niliijenga kwa hela hizohizo: vigae chini, maji ndani, geti la chuma. Baba alipofariki nikamshusha mama kutoka kihambani, kwenye migomba yetu mlimani, aje mjini apumzike. Ng'ombe wake nikamuuza, msichana wa kazi nikaajiri. Wana wangapi wanafanya hivyo?

Mwaka haujaisha, mama akaacha kula. Alfajiri anachukua mundu, anafyeka bustani ya jirani, anajitwisha majani na kuyamwaga gerejini, ubavuni mwa pikapu yangu. Kisha anaongea na ukuta kwa Kichagga, taratibu, kama anayesimulia.

Jirani akanisimamisha getini. "Bosi, pikapu yako siku hizi inakula majani?"

Dada yangu akasema mama karogwa, aombewe. Shemeji akasema ni kichaa, afungiwe chumbani. Kumfungia mama yangu mimi! Nikampeleka hospitali, kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Nilitegemea sindano. Yule daktari kijana akamwamkia kwanza, "Shikamoo mama," akampima presha, akatoa damu, akamwangalia macho, akampapasa shingo. Akauliza analalaje, anasali wapi, mchana anaongea na nani. Nikawa najibu mimi.

"Mzee, nimemuuliza mama."

"Si mimi ninayemlisha?"

"Basi utusubiri nje kidogo."

Mimi, kutolewa nje! Nikakaa kwenye benchi kama mgonjwa.

Aliponiita, mama alikuwa analia, na msibani hakutoa hata chozi. Daktari akasema damu ni pungufu, na huzuni ya msiba imegeuka ugonjwa, vidonge vipo. "Kichaa hana. Anajua gereji haina ng'ombe."

"Sasa majani ya nini?"

Mama akajibu mwenyewe. "Alfajiri mikono inaamka, niifanyeje? Baba yenu alipokufa, niliyemwambia yote ni ng'ombe. Ukamuuza."

"Unataka nini, mama?" daktari akauliza.

"Ng'ombe. Na huyu aache kunijibia."

Mwingine angebisha. Mimi wiki hiyohiyo niliitoa pikapu nje, gereji ikawa zizi, kwenye nyumba ya vigae! Vidonge akawa anameza, kliniki tunarudi. Jirani alipolalamikia harufu nilimpelekea maziwa, akanyamaza.

Siku ng'ombe alipofika, mama alimzunguka, akampapasa kiwele, akamfungua mdomo kutazama meno.

"Nani kakuuzia huyu?"

"Nimechagua mwenyewe, mama."

"Wamekupunja. Kikongwe kuliko mimi."

Mimi, ambaye soko zima hakuna aliyewahi kunipunja! Nikataka kubishana, lakini alishaanza kumsimulia ng'ombe kwa Kichagga. Habari zilikuwa zangu, na hazikuwa nzuri. Alipomaliza akanawa mikono, akaagiza mtori wa ndizi. Akala bakuli zima, akaomba jingine.